Asali ya Kwale si Moja

Alikuwa mzee wa Kizungu, mwekundu kwa jua la Diani, kofia ya ukindu kichwani, naye ameinua chupa ya asali akiitazama kwenye mwanga kama karani anayekagua noti ya shilingi elfu. Pale njia panda ya Ukunda wauzaji hupanga asali yao juu ya meza, pamoja na korosho na maembe, katika chupa zilizokuwa za soda au za maji, zikafungwa upya kwa kipande cha nailoni na kifuniko. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kitalii, "Hii ya wapi?" Kijana wa mezani akamjibu, "Hii asali, mzee. Asali safi." Yule mzee hakuridhika. "Najua ni asali. Ya wapi? Ya mti gani?" Kijana akanigeukia mimi, niliyekuwa nikingoja chenji ya korosho zangu, akacheka. "Huyu babu naye! Asali ni asali."

Na mimi nikacheka. Nakiri hilo mapema, maana yatakayofuata hapa yasionekane kuwa ni lawama juu ya kijana peke yake.

Mzee yule aliirudisha chupa mezani, hakununua. Tuliposimama kivulini kungoja matatu akaniambia kwao ni Uskoti, na ya kuwa huko kuna kisiwa kimoja kiitwacho Islay, urefu wake kama kilomita 40 hivi, ambacho watu wake hukaanga shayiri juu ya moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, kisha wakatengeneza wiski. Ajabu ya kisiwa hicho, alisema, ni kuwa viwanda vya upande wa kusini, Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, vimekaa jirani kwa jirani ufukweni, hata mtu aweza kuvitembelea vyote kwa miguu kabla ya adhuhuri, na bado mjuzi akionja akiwa amefumba macho atakutajia hiki cha nani na kile cha nani. Kimoja kina moshi na harufu kama ya dawa ya hospitali, kingine kina moshi na utamu, na ukienda kaskazini, huko Bunnahabhain, kwa kawaida moshi wenyewe huupati. Kisiwa kimoja, shayiri moja, mvua moja. "Na hakuna chupa," akasema, "isiyoandikwa ilikotoka."

Msomaji asinielewe vibaya. Kinywaji kile tumekatazwa, na ukurasa huu haukuwekwa kukinadi. Lakini nilipopanda matatu kurudi Msambweni, maneno ya mzee yule yalinikaa kama mfupa wa samaki kooni. Watu wa kisiwa cha baridi na upepo wameijua ladha ya kila pembe ya kisiwa chao, wameipa jina, na jina hilo wameliuza dunia nzima. Sisi tuliopewa kinywaji cha halali, kinywaji ambacho Kitabu chetu kimekitaja katika sura iitwayo kwa jina la nyuki, Sura ya 16, tunakimimina chote ndani ya debe moja na kusema asali ni asali. Na aya ile haikusema hivyo. Aya imetaja kinywaji kitokacho tumboni mwa nyuki kuwa rangi zake ni mbalimbali. Tumeisoma tangu chuoni, tukiwa na ubao magotini, lakini ulimi wetu haukuisikia.

Hebu tuzihesabu hizo rangi kwa hapa kwetu tu, tusivuke Likoni wala Lunga Lunga.

Nilianza safari yangu Bodo, kwa kuwa ndiko nilikokuwa na mwenyeji. Ni mzee wa makamo ya babu yangu angekuwa hai, mvuvi aliyeacha kuvua magoti yalipomgomea, naye mizinga yake kaitundika ndani ya mikoko, upande ule maji yanakofika bamvua tu. Nilimwamkia shikamoo, tukala mihogo kwa chai, kisha akanitolea kikombe cha bati. Asali ile ilikuwa na rangi ya kahawia ya chai ya rangi iliyokolea. Mwanzo wake ni utamu wa kawaida, kisha ukaja utamu mwingine mzito, kama wa sukari guru, na mwishoni kabisa, kwenye kingo za ulimi, nikahisi chumvi kwa mbali. Nikamwambia. Akatabasamu. "Ndiyo, mjukuu wangu. Hiyo ni mchu."

Hapa itabidi nieleze, kwani wengi wetu husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Pale Gazi, Bodo, Shirazi, Funzi, Majoreni hadi Vanga ipo mikoko yenyewe yenye magoti ndani ya maji, upo mkandaa, upo muia, mlilana, mkomafi, msikundazi, na upo mchu. Si yote inayomfaa nyuki. Mkoko wenyewe chavua yake huchukuliwa zaidi na upepo. Mlilana hufungua maua usiku, wakati nyuki amelala, ukawangoja popo na nondo. Muia hutembelewa na chozi, wale ndege wadogo wenye midomo ya sindano. Mchu ndio mti wa nyuki. Maua yake ni madogo, ya manjano ya dafu kavu, lakini ukipita chini yake ukiwa umechanua utasikia harufu ya asali kabla hujauona mzinga. Na mchu ni mti unaotoa chumvi kwa majani: pitisha kidole juu ya jani asubuhi, kisha ukilambe. Kama chumvi ile ndiyo niliyoihisi kikombeni, au ni upepo wa bahari uliokuwa mdomoni mwangu, siwezi kula kiapo. Mke wangu, nilipomwonjesha nyumbani, alisema ni mawazo yangu tu. Aliporudia kijiko cha tatu alinyamaza.

Mti huohuo uko Omani. Mtaa wa Qurm mjini Maskati umeitwa hivyo kwa sababu ya michu yake, kwani qurm kwa Waarabu ndiyo mikoko, na asali ya mti huo huko Ghuba huuzwa kwa jina la mti. Jamaa zetu wanaokwenda kufanya kazi huko huiona madukani, hawajui ya kuwa ndiyo iliyokuwa nyuma ya nyumba zao Vanga.

Ukitoka kwenye mikoko ukapanda ukanda wa mchanga, toka Msambweni kuja Ukunda hadi Tiwi, umeingia kwenye minazi. Mnazi ni karimu. Hutoa karara jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo nyuki wa ukanda huu hawana msimu wa njaa kubwa kama wenzao wa nyika. Asali yake ni nyepesi, rangi ya majani makavu, haina mikogo. Ni asali ya kutia kwenye uji wa mgonjwa. Wapo wanaoidharau kwa wepesi wake, mimi simo. Lakini ina kasoro moja ambayo lazima niitaje katika ukurasa unaosomwa na Waislamu: penye mgema, nyuki huenda kwenye kibuyu. Asiyeamini na apande mnazi unaogemwa atazame, atawakuta wameelea ndani wamekufa. Wanaonusurika hurudi mzingani na walichokichukua. Hukumu ya asali hiyo nawaachia masheikh. Mimi nasema tu kwamba mnunuzi ana haki ya kujua mzinga ulisimama wapi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza lile swali la mzee wa Uskoti.

Mkorosho ni habari nyingine. Huchanua katika miezi ya kusi, na asali ya wakati huo, kwa ulimi wangu, ina ukali fulani nyuma yake, kama ule wa bibo bivu linalokaza kinywa. Asali ya namna hii haipendwi na watoto. Mzee mmoja wa Shirazi aliniambia yeye haachi chupa yake ya mkorosho kwa chupa mbili za mnazi, na kwa sauti aliyolisema hilo sikuthubutu kumbishia.

Juu milimani, Shimba, kwenye msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na katika kaya zetu za pwani, nyuki hula maua ya miti ambayo mimi majina yake siyajui nusu. Kaya Kinondo hapo Diani imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, na wageni hulipa kiingilio kuitembelea. Asali ya msituni ni nyeusi, ina harufu ya majani mabichi na magome, na haifanani chupa hii na ile. Msitu una maua mengi mno hata mzinga mmoja hauwezi kurudia ladha yake ya mwaka uliopita. Ndani ya misitu hii wamo pia nyuki wadogo wasiouma, wengine wakijenga ndani ya magogo na wengine, wale wa aina ya Dactylurina, wakining'iniza viota vyao nje chini ya tawi. Asali yao ni chache, nyembamba kama maji ya ukwaju, na ina uchachu. Watu huitumia kama dawa ya kikohozi na vidonda. Ni asali ya kijiko, wala haijafika mezani pale Ukunda.

Kisha teremka upande wa pili, Kinango kwenda Samburu na Mackinnon Road. Huko ni nyika, mvua ni za kuhesabu, na miti ni migunga na mikwaju. Nilipoonja asali ya kule mara ya kwanza nilidhani imechemshwa kwa jinsi ilivyokuwa nzito. Ukiimimina haikatiki, inakunjika kama kitambaa. Sababu yake si moto. Mbochi inayochukuliwa na nyuki kutoka kwenye ua zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki huipepea kwa mbawa usiku kucha hadi maji yapungue, na penye hewa kavu kazi hiyo humalizika vizuri, ambapo huku kwetu pwani, penye unyevu wa bahari, nyuki maskini hupepea hewa iliyokwisha kulowa.

Kwa hiyo, bwana mhariri na wasomaji, katika wilaya moja ya zamani, mahali ambapo mtu akiondoka Vanga alfajiri kwa gari atafika Kinango hajachelewa chakula cha mchana, tunazo asali tano au sita ambazo ulimi wa mtoto ungeweza kuzibagua. Nyuki mwenyewe ni yuleyule mmoja, mdogo, mwenye manjano, ambaye mtaalamu wa nyuki wa Tanganyika, F. G. Smith, alimpa jina la kisayansi la litorea mwaka 1961, maana yake nyuki wa ufukweni. Tofauti yote ni ya mti na udongo na hewa. Tena nyuki ana tabia ya uaminifu: akitoka kwenda kwenye mchu, safari ile hataingia ua la mnazi. Na haendi mbali, kilomita 2 au 3 kwa kawaida. Mzinga wa Bodo hauwezi kukupa asali ya Shimba hata ukiubembeleza. Anayezichanganya ni binadamu.

Nilizungumza na mnunuzi mmoja anayezunguka vijijini kwa pikipiki akikusanya asali. Sitamtaja, ni mtu mwema na ana watoto wa shule. Aliniambia bila kuona haya kwamba ya Majoreni, ya Mwangulu na ya Kinango zote huingia pipa moja, kisha hukorogwa "ziwe sawa". Nikamwuliza, sawa na nini? Akasema wateja wanataka rangi moja. Ikipungua, huongezwa nyingine iliyovuka mpaka kutoka Tanzania, na Tanzania ina asali njema sana, ile ya miombo ya Tabora haina mfano wake, lakini kwa nini iitwe ya Kwale? Na ikipungua tena, aliendelea mwenyewe akicheka, "wapo wengine" huongeza sukari. Nilimtazama machoni. Akatazama pikipiki yake.

Hapa ndipo penye maradhi. Asali isiyo na mahali haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huchezewa na kila mtu. Kijana wa Ukunda akisema "asali safi", hana cha kuonyesha. Mnunuzi naye amejifunza vipimo vya mitaani: tia tone juu ya karatasi uone kama litalowesha, chovya kijiti cha kibiriti, kikiwaka ni safi, mwaga mchangani uone kama sisimizi watakuja. Vyote hivi havithibitishi kitu. Shira nzito ya sukari hupita mtihani wa karatasi bila taabu, na asali halisi ya pwani yenye maji mengi hushindwa. Wengine wakiona asali imeganda chini ya chupa husema ni sukari hiyo, wakaitupa, kumbe kuganda ni tabia ya asali nyingi za kweli. Tumewatupa wakweli tukawaweka waongo, kwa sababu ya kutojua tunachokinywa.

Kuhusu hayo maji ya asali ya pwani, naomba nisimame kidogo. Viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira iliyomo huamka, asali huanza kutoa povu, na kitu kinachoendelea humo ndani ya chupa kwenye kabati lako ni kilekile kinachoendelea kwenye kibuyu cha mgema. Jambo hili si geni katika dini yetu. Abu Musa al-Ash'ari alipopelekwa Yemen alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kinywaji cha watu wa huko kiitwacho bit'i, ambacho hufanywa kwa asali, akajibiwa kwa kanuni ile inayojulikana kuhusu kila kinacholevya. Basi anayerina asali kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, kwa haraka ya kuuza, hamharibii mteja ladha peke yake. Sega lililozibwa ndilo lililokauka. Nyuki wenyewe wametia muhuri, nasi tunaufungua mapema.

Na kwa kuwa nimetaja Yemen, mfano wetu usitoke Uskoti. Wako miongoni mwetu, Mombasa, Vanga na Msambweni, ambao babu zao walikuja na majahazi kutoka Hadhramaut. Waulize juu ya asali ya Doani. Bonde moja tu, mti mmoja tu, nao ni mkunazi, mkunazi huuhuu ambao majani yake sisi huyatafuta tunapoosha maiti. Asali ya mkunazi wa Doani inayorinwa majira ya baridi ina jina lake, baghiya, na huko Ghuba huuzwa kwa bei ya mara nyingi kuliko asali nyingine. Watu humpelekea mkwe, humpelekea mgonjwa. Mrina-asali wa Doani hupakia mizinga yake juu ya gari akaufuata mti unapochanua. Bonde lile ni kavu, la mawe, halina mvua ya Shimba wala bahari ya Gazi. Lina jina tu, na watu wanaolinda jina lisitiwe maji.

Najua kuna watakaosema, na rafiki yangu mmoja mwalimu ameshaniambia usoni, kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mrina-asali wa Majoreni anataka karo, hataki mashairi ya ladha. Nakubali kuhusu karo. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Leo mzee wa Bodo na mrinaji wa Kinango hupewa bei moja na yule wa pikipiki, na bei hiyo hupangwa na asali mbovu kuliko zote pipani. Anayeacha sega lizibwe na anayerina bichi hulipwa sawasawa. Ni nani basi atakayengoja? Jina la mahali, likiandikwa kwenye chupa pamoja na mwezi na mti, si mashairi. Ndiyo njia pekee ya mtu wa mbali kumlipa aliyengoja.

Nami sifichi kwamba lipo jambo kubwa kuliko bei. Michu hukatwa. Kwa karne nyingi boriti za mikoko yetu zilisafiri kwa majahazi kwenda kuezeka nyumba za Arabuni na Ghuba, hadi serikali ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982. Ndani ya nchi ukataji uliendelea kwa ujenzi na kuni. Watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wao wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 huuza hewa inayosafishwa na mikoko, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakafuata mwaka 2019. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini hewa haionjwi. Mjukuu wa yule mzee wa Bodo hawezi kuishika mkononi akajua kwa nini mti ule usiguswe. Asali ya mchu anaweza kuishika. Nilimwuliza kijana huyo, ana miaka kama 20, kama atairithi mizinga ya babu yake. Akaniambia anatafuta kazi ya hoteli Diani. "Asali hailipi, kaka." Babu yake alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu akisuka kamba ya makumbi, na alijifanya hakusikia.

Moshi nao nitauzungumzia, maana ndio uliomfanya mzee wa Kizungu anichekeshe mara ya pili. Nilipomwambia kwamba asali yetu ya kienyeji ina ladha ya moshi aliruka kwa furaha, akasema kumbe tunafanana na Islay! Nilimkatalia. Moshi wa Islay ni wa kusudi. Moshi wa asali yetu unatokana na kurina usiku kwa mwenge wa makuti, mtu kaning'inia mtini, nyuki wanamshambulia, majana na masega mabichi yote yakakamuliwa pamoja kwa hofu. Mzinga wa miti ya juu, uliobuniwa hapa Kenya mapema miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, ulikuja kutuondolea adha hiyo: mrinaji huinua sega mojamoja, akachukua lililozibwa akaacha la watoto. Wapo wazee wanaolalamika kuwa asali ya mizinga hiyo "haina uanaume", wanautaka moshi wao. Mimi moshi siutaki. Nikitaka moshi nitakula samaki wa kukaanga jikoni kwa mama mkwe.

Ninachopendekeza ni kitu kidogo, wala hakihitaji kamati. Vyama vya wafugaji nyuki vya Gazi, Vanga, Lunga Lunga na Kinango visikubali debe zao kuchanganywa kabla ya kupimwa maji, na kila chupa iandikwe kijiji na mwezi wa kurina. Kaunti ya Kwale ina maofisa wa mifugo. Kipimo cha maji ya asali ni chombo kinachoenea mfukoni. Mahoteli ya Diani, ambayo kila asubuhi huwawekea wageni asali iliyotoka ng'ambo katika vidude vya plastiki, yaweke mezani vikombe vitatu vya Kwale, mgeni aonje. Na akina mama wanaochanganya asali na habasoda kwa dawa ya nyumbani waulize iko na maji kiasi gani kabla ya kuinunua kwa wingi. Na wasisahau onyo la madaktari kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali ya aina yoyote. Tahniki yafaa kwa tende.

Wiki mbili baada ya safari yangu nilirudi njia panda ya Ukunda na chupa mbili ndogo mfukoni, moja ya Bodo na moja ya Kinango. Kijana wangu alikuwapo, na chupa zake zilezile za soda. Nilimwambia afumbe macho, nikamtilia tone la kwanza kiganjani, kisha la pili. Alilamba akanyamaza. Akalamba tena. Kisha akafungua chupa moja ya mezani kwake, akatia tone lake mwenyewe, akaonja, akafanya uso wa mtu aliyekanyaga mwiba.

"Hii yako ya kwanza ya wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia ni ya Bodo, ya mchu, na mzee wake namna ya kumpata. Akaniuliza kama mzee huyo anaweza kumpa chupa 20 kabla ya Ramadhani. Sikujua la kumjibu, kwani mizinga ya mzee ni 9 tu na mjukuu wake, nilivyosikia juzi, tayari ameshapata kazi ya kufua mashuka Diani.

Bei aliyokuwa tayari kulipa ilikuwa ya juu kuliko ile ya mtu wa pikipiki. Nimempelekea mzee salamu hizo kwa kinywa cha dereva wa matatu ya Shirazi.